Saa ya GPS yenye mstari, isiyo na ramani: maoni ya mtu aliyepotea nayo

Niseme mapema, asiye na muda asisumbuke kusoma mpaka chini: kwa kukimbia hii ni saa nzuri, kwa kuonyesha njia ni ya kubahatisha. Ukiitaka kwa ajili ya mwendo, mapigo ya moyo na kilomita, nunua, hutajuta. Ukitegemea ikutoe porini, soma kwanza. Jina la kampuni silitaji, maana ninayoyasema yanazigusa saa nyingi za daraja hili, zile zinazokuchorea njia kama mstari mwembamba kwenye skrini nyeusi, bila ramani yoyote chini yake.

Mkononi ni nyepesi, unasahau kwamba umeivaa. Ina vitufe vya kubonyeza badala ya skrini ya kugusa, na hilo nalishukuru, kwa sababu kidole chenye jasho hakikisumbui kitufe. Kipimo cha mapigo kilicho chini ya saa huchelewa unapopanda kilima kwa nguvu, na mara nyingine hujichanganya kikahesabu hatua badala ya moyo. Vipimo vya mkononi karibu vyote vina tabia hiyo. Mtu anayetaka namba za uhakika avae mkanda wa kifuani. Hayo nimeyamaliza.

Sasa njia. Mahali pa wazi saa hii inanasa setilaiti upesi. Inasoma GPS ya Marekani na Galileo ya Ulaya, na ukipenda unaongeza GLONASS ya Urusi. Ili ijue ulipo inahitaji angalau setilaiti nne kwa wakati mmoja, kwa hiyo anga ikizibwa na miti mikubwa au genge, shida inaanza. Mawimbi yanagonga mwamba kwanza ndipo yanaifikia, na saa inaamini uko ng'ambo ya korongo wakati wewe uko huku unahema. Saa za bei ya juu hupunguza kosa hilo kwa kupokea mawimbi ya masafa mawili tofauti. Hii inapokea moja.

Tulikuwa wawili, mimi na swahiba wangu, kwenye mbio ndefu za msituni ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzikimbia. Njia niliipakua kama faili la GPX, yaani orodha ya nukta za njia, nikaipitisha kwenye programu ya simu, ikaingia kwenye saa. Mwenzangu hukimbia mbele huku anazungumza bila kugeuka, mimi nyuma na saa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri tu: mstari uko chini ya miguu, kishale kinasonga, hatuna wasiwasi.

Tukafika njia panda. Kijia cha kushoto kilikuwa kipana, kimekanyagwa, alama za soli zinaonekana kwenye tope. Cha kulia kilipita chini ya gogo lililoanguka na kutoweka kwenye majani. Vimeachana kidogo sana, vinakwenda pamoja kama ndugu waliogombana lakini bado wanaishi nyumba moja. Nikasimama nitazame saa.

Na hapo ndipo kasoro kubwa ilipo, ambayo kwenye boksi haijaandikwa. Saa hii haina dira ya sumaku. Inajua umeelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, yaani mpaka uwe unatembea. Ukisimama, kishale ama kinaganda, ama kinaanza kuzunguka chenyewe. Kwa hiyo pale ambapo kila mkimbiaji husimama kuuliza, ndipo saa haina jibu.

"Kaka, inasema twende wapi?" mwenzangu akauliza.

"Inasema twende, ndiyo ijue."

Alicheka. Tukashika kile kipana. Saa ikanyamaza, nasi tukachukua ukimya wake kuwa ndiyo. Kumbe ile kengele ya kukuambia umetoka njiani husubiri mpaka uachane na mstari kwa makumi ya mita, ili isilie hovyo kila mawimbi yakiyumba. Kwenye vijia viwili vinavyoenda bega kwa bega, unaweza kukimbia muda mrefu kwenye njia isiyo yako na saa ikaona kila kitu kiko sawa. Ilipokuja kulia tulikuwa tumeshashuka mteremko mrefu wa kokoto, wa aina ile ambayo ukigeuka kuutazama unapata uchungu wa magoti kabla hujaupanda.

Kengele yenyewe nayo haina maelezo. Mtetemo, maneno "Umetoka njiani", basi. Unakuza picha, unaona kipande cha mstari kiko mbali upande wa kulia. Unapunguza, mstari unakuwa fundo la uzi. Kati yako na mstari ni weusi mtupu, na weusi ule unaweza kuwa nyasi za magotini au genge. Saa haijui. Haina habari ya kilima, mto wala kijia kingine. Ndiyo maana nasema wauzaji wanaoiita saa hii "kiongozi wa njia" wanatumia neno kubwa kuliko mzigo.

Mwenzangu akataka tukate moja kwa moja kichakani mpaka tuukute mstari. Kwa macho ya haraka ni wazo zuri. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga, hakuna jua, na jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ambamo watu waliambiwa watembee kwa kunyooka msituni, na wengine jangwani Sahara. Waliouona jua au mwezi walishika uelekeo. Waliokosa vyote viwili walizunguka, wakakata njia zao wenyewe bila kutambua. Ongeza hapo kwamba ndani ya kichaka kizito hutembei, unajipenyeza hatua moja moja, na kwa mwendo huo kishale cha saa hii kinayumba vilevile kama umesimama. Kwa maneno mengine, ingetuacha wakati ule ule ambao tungeihitaji zaidi.

Kilichotutuliza ni simu ya mwenzangu. Alikuwa amepakua ramani kabla ya kuondoka, na mtandao haukuwepo, lakini kwa GPS mtandao hauhitajiki. Simu ilinasa setilaiti ikatuonyesha tulipo pamoja na mistari ya mwinuko: kijia chetu kipana kilikuwa kinashukia bonde jingine kabisa, wala hakirudi kuungana na njia yetu huko mbele. Manyunyu yalikuwa yanadondokea kioo, skrini ikawa inajibonyeza yenyewe, ikabidi aifunike kwa kofia huku mimi nasoma. Hata hivyo dakika chache za kuona ramani yenye milima zilikata ubishi wote. Kurudi tulikotoka.

Na kwenye kurudi, saa hii ilifanya kazi ya kiume. Kuna sehemu ya "Rudi mwanzo" yenye chaguo mbili. Ya kwanza, na sijui nani aliamua iwe ya kwanza, inakuchorea mstari mnyoofu mpaka ulipoanzia, bila kujali kuna nini katikati. Kwetu ulivuka korongo kama vile tuna mabawa. Ya pili inakurudisha kwa njia ile ile uliyojia, na hiyo ni dhahabu. Kila kona tuliyokata ilikuwepo. Pale tulipovuka kijito kwa kuruka jiwe kubwa, mstari ulipinda palepale. Kwa sababu tulikuwa tunasonga, hata kishale kilitulia. Tulipanda ule mteremko wa kokoto kwa kuburuza miguu, tukafika kwenye gogo, tukapita chini yake.

Swali likanibaki: kwa nini mstari wa kurudi ulikuwa sahihi hivyo, na ule niliopakua ulikuwa mbovu? Nyumbani nilifungua mafaili yote mawili kwenye kompyuta nikayaweka juu ya ramani moja. Njia ya asili ilikuwa na kona zake zote. Iliyofika kwenye saa ilikuwa imepunguzwa nukta na ile programu ya simu ili itoshe, na penye kona za kupanda mlima mstari ulikuwa umenyooshwa. Pale njia panda, ule mchepuko mdogo wa kulia ulikuwa umefutwa kabisa, mstari unapita katikati ya vijia viwili, haupo kwenye chochote. Njia ya kurudi saa iliiandika yenyewe, nukta kwa kila sekunde, haikupunguzwa na mtu. Mwongozo wa saa haugusii jambo hili hata kwa sentensi moja. Dawa niliyoipata ni kuikata njia ndefu vipande viwili au vitatu na kupakia kimoja kimoja. Nukta zinabaki nyingi, kona zinarudi.

Neno juu ya betri, kwa sababu linahusiana. Skrini ikiwa inaonyesha mstari muda wote, chaji inashuka kwa kasi kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Utashawishika kuwasha hali ya kubana matumizi. Usifanye hivyo mahali usipopajua: katika hali hiyo saa inaandika nukta chache, na ile njia ya kurudi niliyoisifu inakuwa na kona zilizokatwa kama nyingine. Beba betri ndogo ya kuchajia, ni nyepesi kuliko majuto.

Beba na filimbi pia, hata ile ya plastiki iliyoshonwa kwenye mkanda wa begi la kukimbilia. Mbio za UTMB za kuzunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya zinaiweka kwenye orodha ya vifaa vya lazima pamoja na blanketi la dharura. Milimani ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha unarudia, na anayekusikia hujibu kwa milio mitatu. Sisi hatukufika huko, tuliitumia tu mwenzangu alipotangulia kwenye kichaka akapotea machoni.

Kwa anayekimbia njia anazozijua, au zenye alama, saa hii inatosha na inazidi. Kwa anayependa misitu mipya, aiandamanishe na simu yenye ramani, au atafute fedha ya ile yenye ramani na dira ndani. Mwenzangu ameshaagiza hiyo kubwa. Mimi nabaki na yangu, ila kitufe cha chini kulia nimekipangia moja kwa moja "Rudi kwa njia ile ile", nisipitie ule mstari wa mabawa.