Darasa la watu wazima baada ya Magharibi, Majengo Dodoma: nimesoma miezi minne

Assalaam alaykum, na wale wasio Waislamu habari zenu pia, kwasababu najua wapo wanaotaka kujua tu dini ya majirani zao na hili darasa hata nyie mnaruhusiwa kukaa mkasikiliza. Liko kwenye msikiti mmoja nyuma kidogo ya soko la Majengo, ukiulizia wauza vitambaa wanakuelekeza. Jumatatu mpaka Alhamisi, mkishasali Magharibi mnakaa mpaka adhana ya Isha, yani kama saa nzima hivi. Mchango elfu kumi kwa mwezi, asiyekua nayo haulizwi, nimekaa miezi minne sijaona mtu amerudishwa kwa ajili ya hela.

Niseme kwanza nilikotoka ili mnielewe. Baba yangu alikua Mrangi wa Kondoa, Muislamu, akafariki mi nikiwa na miaka mitano, nikalelewa Mpwapwa kwa bibi mzaa mama, watu wa kanisani kabisa. Nimebaki na jina la Kiislamu na bismillahi ya kula basi. Nilivyoolewa nikawa nasali kwa kuangalia aliyeko mbele yangu, akiinama nainama, akisujudu nasujudu, miaka nane hiyo, na kumuuliza mtu naona aibu maana wote wanajua nimezaliwa Muislamu. Mwaka jana nikajiunga na darasa moja la WhatsApp, nikalipa elfu arobaini na tano, na kilichokua kinakuja ni voisi za hii haramu, ile bidaa (uzushi kwenye dini), yule kapotea, nikauliza siku moja kwanini, nikatolewa kwenye grupu na hela haikurudi. Nililia jamani. Kwahiyo kufika hapa Majengo nilikua naenda na moyo mzito.

Ustadhi wa hapa hakuanza na haramu, alianza na pango. Wiki mbili nzima tuko Makka tu. Mtume Muhammad (s.a.w) amezaliwa kama mwaka 570, baba hakumuona, mama kamfia ana miaka sita, akalelewa na babu alafu ami yake, na hapo mi nikajikuta nalia tena ila kilio kingine. Alafu pango la Hira mwaka 610, ana miaka arobaini, malaika Jibril anamwambia soma, anasema mi sio msomaji, anabanwa, anaambiwa soma. Anashuka mlimani anatetemeka anamwambia mkewe nifunikeni, na bi Khadija anamfunika, anamtuliza, anamwambia Mwenyezi Mungu hawezi kukufedhehesha we unaunga udugu na unabeba mizigo ya wanyonge. Ustadhi akasema mtu wa kwanza kuamini ni mwanamke, akanyamaza, akatuacha nayo. Sisi wa upande wa wanawake tuliangaliana.

Kingine ambacho sikukijua kabisa ni kwamba Waislamu wa mwanzo walivyoteswa Makka, kabla hata ya Madina, walikimbilia huku kwetu Afrika. Kama mwaka 615, Habash, upande wa Ethiopia ya leo, kwa mfalme Najashi ambaye alikua Mkristo. Maquraish, kabila lililokua na nguvu Makka, wakatuma watu na zawadi warudishiwe watu wao, mfalme akawaita Waislamu wajieleze, Jaafar bin Abi Talib akamsomea sura Maryam, na mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa, akakataa kuwatoa. Nilivyorudi nyumbani usiku ule nilimpigia bibi Mpwapwa nikamsimulia. Bibi ana miaka themanini na kitu, akasema kumbe, nikamwambia ndio bibi, na Maryam ndo mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'an. Akaniambia niisome hiyo sura nikienda kwake. Nimeshajua aya kumi za mwanzo.

Hijra ya kwenda Madina 622 ndo ikafuata, ndo maana mwaka wa Kiislamu unahesabiwa kuanzia hapo, sio kuzaliwa kwa Mtume wala kushuka kwa Qur'an, na unafata mwezi, una siku 354 au 355, ndo sababu Ramadhani kila mwaka inasogea kama siku kumi na moja. Mi nilikua nadhani masheikh wanapanga tu kikao.

Imani alitufundisha kwa kuuliza maswali. Kumuamini Mungu mmoja, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho, na kadari, yani mpango wa Mungu, kheri yake na shari yake. Hapo kwenye kadari kuna dada alikua amefiwa na mtoto, akauliza, na ustadhi hakumpa jibu la haraka, alimwambia Mtume mwenyewe alimzika mwanae Ibrahim akalia machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Siku ile tulimaliza mapema.

Sasa kwenye vitendo ndo mtaelewa kwanini naandika haya yote. Siku ya kibla, upande wa kuelekea ukisali, alituambia kila mtu asimame anyooshe mkono Makka ilipo. Karibu wote tulinyoosha mashariki! Akatoa ramani akaonesha, Dodoma iko huku, Makka iko kaskazini juu kabisa, inaelekea mashariki kidogo tu. Nilirudi nikageuza mswala chumbani kwangu usiku uleule.

Siku ya udhu maji yalikua hayatoki, nyie wa Dodoma mnajua. Akasema leo basi tunasoma tayamamu, yani kujitoharisha kwa udongo maji yakikosekana, ila kwanza tutafute, kwasababu hairuhusiwi kukimbilia udongo kabla hujatafuta maji. Vijana wawili wakatumwa kwa majirani na madumu. Huku nyuma akatutoa uani, ule udongo wetu mwekundu mlaini kama unga, akapiga viganja mara moja, akapuliza vumbi lililozidi, akapaka uso. Akapiga tena, akapaka mkono wa kulia mpaka kiwiko, na wa kushoto. Akasema kwa sisi Mashafii, wanaofata madhehebu ya imamu Shafii, tayamamu moja sala moja ya faradhi, ikija nyingine unarudia. Tukafanya wote, mi viganja vyangu vikawa vyekundu na nikahisi kitu sijui nikielezeje, kwamba hata pasipo na kitu Mungu kaniachia njia. Mara vijana hao wanarudi, madumu mawili yamejaa. Akacheka akasema haya, maji yamekuja kabla hatujasali, tayamamu imetenguka, kila mtu akatie udhu. Tukapanga foleni na kopo moja moja, na kopo moja lilitosha. Sitoisahau hukumu ile mpaka nakufa.

Zaka ndo ilinigusa kwenye biashara. Mi nashona sare na kuuza vitambaa. Nilikua nadhani zaka ni kumpa maskini buku mbili ukijiskia. Kumbe ukifikisha kiwango, thamani ya dhahabu gramu 85, na ukazungukiwa na mwaka wa mwezi, unatoa moja ya arobaini. Cherehani zangu hazihesabiwi maana ni za kazi, ila majora yaliyoko dukani ya kuuza yanahesabiwa kwa bei ya siku hiyo pamoja na hela iliyoko ndani. Mfugaji mwenye mbuzi arobaini anatoa mmoja, hivo mpaka 120.

Kuna mzee wa Hombolo analima zabibu, akauliza na mimi je. Ustadhi akamwambia mzee wangu, kwenye matunda sisi tunatoa zaka ya tende na zabibu, na we Mungu kakupa zabibu. Ukinyweshea mvua tu unatoa moja ya kumi, ukimwagilia kwa gharama unatoa moja ya ishirini, na inakua wajibu ikifika wasaq tano, kipimo cha zamani cha Waarabu, kama kilo mia sita na kitu zikishakauka. Mzee akaandika. Alafu akauliza kwa sauti ndogo, na wanaonunua ni wa mvinyo. Darasa zima kimya. Ustadhi akamwambia ukweli bila kumfokea, kwamba kwenye hadithi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe ni watu kumi na mkamuaji yumo, na kumuuzia mtu unayejua anaenda kukamua wanazuoni wengi wamekataza. Ila hakumuacha hapo, akamuuliza una ekari ngapi, umeshawahi kukausha, nani anachukua za kula pale sokoni, na kuna mama mmoja wa upande wetu anauza matunda akasema shekhe mi nachukua ndoo tano kila wiki msimu ukifika. Walipeana namba palepale.

Mapungufu yapo na nayasema kwa nia njema. Wanawake tunakaa nyuma ya pazia na spika yetu inakoroma, ubao hatuuoni kabisa, mara nyingi nanakili kwa jirani aliyepiga picha na simu. Herufi za Kiarabu zinaenda mbio mno, sisi watu wazima ulimi umeshakakamaa, kaf na qaf bado nazichanganya na hakuna muda wa mtu mmoja mmoja kama watoto wanavyosikilizwa madrasa. Hijja ilipewa jioni moja tu, tawafu, Safa na Marwa, Arafa, vyote kwenye dakika hamsini, inahitaji angalau wiki. Pia hamna kitini, wangechapisha hata kurasa kumi tungelipia. Haya yote nimemwambia ustadha anayesimamia upande wetu na spika amesema inachangiwa, mpaka jana tulikua tumefika elfu themanini.

Kwa mtu anayetaka kuhifadhi Qur'an au kuingia kwenye fiqhi ya ndani hapa sio mahali pake. Ni pa mtu kama mimi, au aliyesilimu juzi, au kijana aliyekua hostel miaka yote hajui hata rakaa za siku ni kumi na saba. Juzi nimesalisha wanangu wawili wa kike Isha nyumbani, nimesoma Fatiha kwa sauti huku najua kila aya inasema nini, mdogo akaniuliza mama mbona leo umesali polepole.

Darasa jipya linaanza wiki ya pili baada ya Idi. Njoo na daftari, juzuu amma, kile kijitabu cha sura fupi za mwisho za Qur'an, wanauza pale nje elfu mbili mia tano, na kama ni mwanamke wahi ukae karibu na nguzo ya pili, hapo spika inasikika.