Kugeuza baiskeli iwe ya umeme: viunganishi vya kununua, kuanzia bora

Kabla ya kununua kiunganishi chochote, soma kibandiko cha kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa betri na kuugawia mota. Kikisema ampea 25 kwa betri ya volti 48, hizo ni takriban wati 1,200, na kiunganishi cha betri lazima kihimili ampea 25 mlima mzima, si kwa sekunde chache. Namba zilizo kwenye majina zinawapotosha wengi. XT60 na XT90 ni aina mbili za viunganishi vya betri. Ile 60 ya XT60 ni ampea za muda mfupi. Kwa mkondo wa kudumu, hesabu 30. XT90 ni kama 40.

Kati ya betri na kontrola

Chaguo la kwanza ni XT90-S. Ndani ya kontrola mna kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) kubwa, na zikiwa tupu hufyonza mkondo mkali mara tu pini zinapogusana. Ile cheche unayoiona huchimba vishimo kwenye pini, ukinzani unapanda, na joto linafuata. Ukinzani wa miliomu 5 tu, kwa ampea 30, hutoa wati 4.5 za joto ndani ya kijiplastiki kidogo kuliko kidole gumba. XT90-S inalizuia hilo kwa rezista (kipunguza mkondo) ya omu 5.6 iliyofichwa upande wa matundu, wenye pete ya kijani. Betri ya volti 48 ikiwa imejaa (volti 54.6), mkondo wa mguso wa kwanza hauvuki ampea 10. Sukuma mpaka pini ziguse, subiri kama sekunde moja, kisha malizia. Kontrola iwe imezimwa. Ikiwa imewashwa, rezista hiyo hubebeshwa mzigo usio wake na inaweza kuungua.

Ya pili ni XT60, kwa kontrola isiyozidi ampea 20 na betri ambayo huichomoi mara kwa mara. Ni ndogo, nafuu na inashika vizuri. Pini zake ni za milimita 3.5 na za XT90 ni 4.5, kwa hiyo haziingiliani. Bandia ni nyingi: chagua zenye jina la mtengenezaji, Amass, kwenye plastiki, ingawa hata jina hilo huigwa. Kiunganishi kinachoingia kwa ulaini tangu siku ya kwanza, kirudishe.

Ya tatu ni Anderson Powerpole. Haihitaji kulehemu, nusu zake mbili zinafanana, na ganda moja hupokea vishikio (vile vyuma vinavyobanwa kwenye waya) vya ampea 15, 30 au 45. Lakini bila koleo yake ya kubania, usiinunue. Kishikio kilichobanwa kwa koleo ya kawaida hupinda, hakilii “tik” kinapoingia kwenye ganda, na mtikisiko wa barabara hukirudisha nyuma taratibu. Ukiitumia, funga nusu zote mbili pamoja ili zisiachane.

Viunganishi vya “risasi” (bullet), yaani pini za shaba za moja moja zisizo na ganda, havifai kabisa upande wa betri. Siku moja utagusanisha chanya na hasi.

Ukichagua XT90-S au XT60, upande wa matundu uwe kwenye betri, kwa kuwa pini zilizochomoza zikiwa na umeme ni hatari. Ukibadilisha kiunganishi cha betri, kata waya mmoja, ufunike, ndipo ukate wa pili. Mkasi ukikata zote mbili kwa pamoja unakuwa shoti. Wakati wa kulehemu, chomeka kiunganishi kwenye mwenzake (mwenzake asiwe ameungwa popote) ili pini zisihame plastiki inapolainika. Tumia chuma cha kulehemu cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana: chuma dhaifu hukaa muda mrefu, na plastiki ndiyo inayoteseka. Mpira wa kusinyaa (unaobana waya ukipashwa joto) uvishe kwenye waya kabla ya kulehemu. Hili husahaulika kila mara.

Waya nene tatu za mota

Hapa usipime kwa ampea za betri. Baiskeli inapoanza kuondoka au kupanda polepole, mkondo wa waya hizi unaweza kuwa mkubwa kuliko unaotoka kwenye betri. Kwa seti ndogo chukua MT60, yenye pini tatu za milimita 3.5 kwenye ganda moja. Kwa kubwa, hapa risasi za milimita 4 zinafaa, kila moja na mpira wake. Rangi zikipishana, mota hutetemeka, hunguruma au hurudi nyuma.

Waya nyembamba

Sensa za mota, zinazoijulisha kontrola mota imezunguka hadi wapi, zina waya tano: nyekundu, nyeusi, njano, kijani na buluu. Viunganishi vya JST-SM vinatosha ikiwa vimo ndani ya mfuko mkavu, ila vuta kila waya kidogo baada ya kuunga, maana pini moja ikirudi nyuma mota inakwama ikiondoka. Nje, kwenye mvua, nunua Julet au Higo, viunganishi vya mviringo vinavyozuia maji. Linganisha mishale, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Pini zake ni nyembamba na zikipinda ni vigumu kuzinyoosha.

Baada ya safari ya kwanza yenye mlima, gusa kiunganishi cha betri kwa nje. Vuguvugu ni sawa. Kikichoma kidole, chomoa, tazama rangi ya pini, na kibadilishe pande zote mbili kwa pamoja: pini mpya ikiingia kwenye tundu lililoungua, nayo huharibika.