Chuo Kikuu Huria, Kituo cha Tanga: kinamfaa aliyepunguzwa kazi?

Kinamfaa, ila si kila mtu, na si kwa haraka ambayo wengi huitarajia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kwa mtu wa Ngamiani au Muheza faida yake kubwa ni kwamba hapangi chumba Dar. Masomo anayapata mtandaoni, mambo ya usajili na mitihani yana kituo mkoani, na familia haihamishwi.

Kikwazo cha kwanza ni vyeti, kabla hata ya ada. Kuingia shahada moja kwa moja kwa kidato cha sita kunataka principal mbili (yaani kufaulu masomo mawili kwa A hadi E) zenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha. Mwenye E mbili ana 2.0, huyo apitie kwanza kozi ya msingi ya chuo na atoke na wastani wa alama (GPA) wa 3.0. Mwenye stashahada yenye GPA ya chini ya 3.0 naye njia yake ni hiyo. Aliyekatishwa sekondari aanzie Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na asidanganywe na mtu kwamba kuna mkato.

Majina yakaguliwe mapema. Cheti kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, mengine yameandikwa kwa herufi tofauti: hapo maombi hukwama. Mwone wakili kwa hati ya kiapo wakati dirisha la maombi bado liko wazi.

Kuhusu fedha tunasisitiza sana. Kwa sheria ya ajira ya 2004, kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Maana yake hata aliyetumikia miaka 15 anaweza kupewa siku 70 tu. Hela hiyo haimalizi shahada. Itenge kwa mwaka wa kwanza, kisha jisajili masomo machache unayoweza kuyalipia na kuyasoma.

Na muda je? Shahada ya kawaida ina krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi, yaani saa 3,600. Ukisoma saa 15 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, unapata saa 600: miaka sita. Kwa saa 25 inashuka hadi takriban miaka mitatu na nusu. Anayeuza samaki asubuhi na kulea watoto jioni apange kwa hesabu ya kwanza.

Wengi huanguka kwa kufungua masomo wiki mbili kabla ya mtihani. Hakuna mwalimu wa kukukumbusha, na simu inatosha kusoma tu. Kuandika kazi ya kurasa kumi kwa kidole ni mateso. Tafuta kompyuta ya kuazima, na meza ya Maktaba ya Mkoa itumie. Wanaosoma kozi moja wakutane kila Jumamosi, hata wakiwa wawili.

Shahada za sayansi tunazipendekeza kwa tahadhari, kwa kuwa mazoezi ya maabara yanaweza kukutoa nyumbani. Kabla ya kulipa, uliza kituoni somo unalotaka linafanyiwa wapi mazoezi, na nauli ni ya nani.