Liege & Lief: utenzi uliotiwa umeme

Santuri hii niliipata kwa fundi wa redio hapa Kibokoni, shilingi 800, jalada limeliwa na unyevu pembeni. Ni ya Fairport Convention wa Uingereza, 1969. Miye mpiga fidla wa harusini, basi niliinunua kwa ajili ya fidla tu.

Usianze na wimbo wa kwanza, pale kikundi kinajitambulisha tu. Dondosha sindano wa tatu, Matty Groves. Kisa cha kale: mke wa lodi, mwinyi wa Kiingereza, amwona kijana kanisani, amchukua nyumbani, mtumishi atoka mbio, avuka mto kwa kuogelea kwenda kuchongea. Dakika nane na ushei, hakuna kiitikio, ubeti juu ya ubeti kama utenzi. Mwimbaji Sandy Denny haombolezi. Lodi anapowakuta, akampa kijana upanga mzuri wapigane naye akajibakishia mbovu, sauti ya bibi huyu haipandi hata kidogo, na hapo ndipo malaika yaliponisimama. Mamangu alikuwa kando akichambua mchele, nikamfasiria. Akauliza, "Na huyo mtumishi alipewa ngapi?" Wimbo hausemi.

Wakishauawa kijana na mke, muziki hausiti. Fidla ya umeme ya Dave Swarbrick yakabana na gitaa la Richard Thompson. Huyu atupa kipande, yule adaka. Kuna wazee hapa wanaoapa kwamba taarab ilikufa siku kinanda cha umeme kilipoingia. Natamani niwaketishe mbele ya spika hizi kwa dakika hizo tu.

Ngoma nazo zina adabu. Mei mwaka huo gari lao lilipata ajali wakirudi kutoka kupiga Birmingham, mpiga ngoma wao Martin Lamble akafa, na miaka yake 19. Dave Mattacks aliyekalia kiti cha marehemu hajionyeshi. Asubiri neno limalizike ndipo apige.

Upande wa pili, ule mseto wa nyimbo za kuchezea ni mzuri kwa miguu, lakini ukikaa kitako wachosha. Ngoja Tam Lin: Janet amkumbatia mpenziwe naye ageuzwa nyoka, ageuzwa simba, na bado hamwachi. Gitaa lakata kama panga, na mapigo hayalingani. Nimejaribu kuifuata kwa fidla yangu usiku mara mbili, mlango nimefunga. Mara zote mbili nimeachwa njiani.