Maini ya kuku, ng'ombe, mbuzi au soseji ya maini: lipi ununue Tanga

Mtu akitoka hospitali na habari kwamba damu imeshuka, nyumbani neno la kwanza analosikia ni maini. Ushauri huo una msingi. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, iliyokuwa ikiua, walipata nafuu walipolishwa maini kila siku. Mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Baadaye ikajulikana kwamba kilichowaokoa ni vitamini B12.

Kwa mnunuzi, swali ni maini yapi, na kama yale yaliyosagwa yakatiwa kwenye soseji au kopo nayo yanahesabika. Nimeyapanga kwa kuangalia virutubisho, mfuko, na yanavyopatikana hapa mjini. Hesabu zote ni za gramu 100, na za maini ni kabla ya kupikwa.

1. Maini ya kuku

Wapenzi wa ng'ombe watanuna, lakini haya nayaweka juu. Yana takribani miligramu 9 za madini ya chuma, wakati ya ng'ombe yana kama 5. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku, kwa hiyo hapo keshapata nusu. Foleti, vitamini nyingine inayosaidia kutengeneza damu, ni mikrogramu 588, karibu mara mbili ya ng'ombe. Protini ndiyo pungufu kidogo, gramu 17.

Halafu unaweza kununua kidogo. Asiye na hela ya nusu kilo hufungiwa kiasi anachotaka, na mtoto anayekataa nyama ngumu haya hayamshindi. Ila uliza bei ya maini peke yake. Ukipimiwa yamechanganywa na filigisi, filigisi ndizo zinazobeba mizani, na wewe ulifuata maini.

Chagua yenye wekundu wa kahawia na yanayong'aa. Yenye doa la kijani yaache, au ukate sehemu hiyo: nyongo ilipasuka wakati wa kutumbua, na uchungu wake hautoki hata kwa ndimu. Yapike mpaka ndani pasibaki uwekundu. Maini ya kuku yaliyoiva nusu hubeba vijidudu vya kuharisha, hilo halina mjadala.

2. Maini ya ng'ombe

Kwa B12 hakuna wa kuyakaribia kati ya haya unayoyakuta kirahisi: kama mikrogramu 59, na mtu mzima anahitaji 2.4 tu kwa siku. Protini gramu 20, mafuta hayafiki gramu 4, kalori 135. Kwa thamani ya chakula ni nyama bora kuliko steki, ingawa steki ndiyo inayosifiwa.

Kilichoyashusha nafasi moja ni mambo mawili. Kwanza vitamini A, karibu mikrogramu 5,000, wakati kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni 3,000 kwa siku. Mlo mmoja haudhuru, lakini kula kila siku si sawa. Mara moja kwa wiki yatosha.

Pili ni minyoo ya ini. Ng'ombe wanaolishwa mabondeni na kandokando ya maji huokota minyoo bapa inayoishi kwenye mirija ya nyongo, na ini lililoharibika hutakiwa kutupwa machinjioni. Kwa hiyo nunua bucha ambalo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi, na usiridhike na kipande alichokwisha kukukatia. Mwambie, "Mjomba, nikatie hapa katikati nione." Ini zima hukatika laini na kimya. Lenye ugonjwa wa zamani lina mirija minene, myeupe, na kisu kikipita kinakwaruza kama kimegusa mchanga. Ukisikia sauti hiyo, shukuru uondoke. Angalia pia harufu: damu mbichi ni sawa, uchachu si sawa. Wahi asubuhi, maana ini haliwezi jua la saa nane.

Kabla ya kupika vua ule utando wa juu. Ndio unaoyafanya yajikunje na kuwa magumu, watu wakadhani wameuziwa ng'ombe mzee.

3. Maini ya mbuzi

Kwa ladha ni namba moja, sibishani na mtu. Kwa lishe hayachekani sana na ya ng'ombe. Tatizo ni kwamba mbuzi mmoja ana ini moja dogo, na mara nyingi lina mwenyewe kabla mbuzi hajachunwa. Bei nayo inajua hivyo. Ukilipata, nunua. Kulipangia ratiba ya kila wiki ni kujisumbua.

4. Soseji ya maini, na maini ya kopo ya kupaka

Jina linaahidi zaidi ya kilichomo. Marekani, kwa mfano, kanuni inataka walau asilimia 30 ya bidhaa hii iwe maini. Nyingine ni nyama, mafuta, chumvi na viungo. Ndiyo maana soseji ya maini ya nguruwe, ile ya kawaida Ulaya na Marekani, ina kalori zipatazo 326 na mafuta gramu 28. Protini hushuka hadi 14. Chumvi hupita gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye presha asiiguse kila asubuhi.

Tuitendee haki: chuma imo, kama miligramu 6, B12 tele, na vitamini A ni nyingi mno. Si chakula kibovu, ila unalipia mafuta kwa bei ya maini.

Wengi wetu Tanga tuna swali la awali kuliko hayo yote: ni ya mnyama gani? Soma orodha ya viungo upande wa nyuma, usiamini picha. Kama maini hayamo kati ya viungo vitatu vya kwanza, rudisha.

Mjamzito asichukue chochote hapa juu kabla ya kuzungumza na nesi wa kliniki. Uingereza inawashauri wajawazito waache kabisa maini na soseji za maini, kwa sababu vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki havina shida hiyo. Mwenye jongo naye ajizuie.

Na kama unachotaka ni cha kupaka kwenye mkate, kaanga maini ya kuku na kitunguu, saumu na pilipili manga, yaive sawasawa, uyasage na kijiko cha siagi na chumvi unayoipima mwenyewe. Weka kwenye friji, uyamalize ndani ya siku mbili.