Uzoefu wangu na DAVx5: kalenda ya simu na ya laptopu sasa zinaelewana

Naandika hii kwa yeyote ambaye simu yake inamwambia kesho hana kitu halafu laptopu inamwambia ana vikao viwili. Hali hiyo inachosha jamani, mpaka mtu anaacha kuiamini kalenda kabisa anarudi kushika mambo kichwani, na kichwa ndo hivyo tena kinasahau. Mimi nina simu ya Android, laptopu yenye Thunderbird (programu ya barua pepe na kalenda), na kompyuta ya kazini ambayo kalenda naifungulia kwenye brauza tu. Kilichokuja kuziunganisha zote ni DAVx5, app ya Android ya kusawazisha kalenda, wengine mnaikumbuka kwa jina lake la zamani, DAVdroid.

Kwanza nieleze tatizo lilikaa wapi, maana ukiisakinisha tu bila kujua hilo unaweza usione tofauti yoyote. Simu nyingi zina kalenda ya ndani, ile inayoandikwa "kifaa" au "simu yangu", na ukigusa haraka haraka kuweka miadi inaingia humo, haiendi kokote, haina akaunti, simu ikiharibika nayo imekwenda. Fungua tukio lolote sasa hivi uangalie chini ya jina lake, kuna kidoa cha rangi na pembeni yake jina la kalenda au anwani ya barua pepe. Hicho kistari kidogo ndo kinasema ukweli wote. Matukio yangu nusu yalikuwa kwenye akaunti, nusu yalikuwa ya "kifaa", na kwa macho huwezi kujua kwa sababu app inayachanganya yote kwenye ukurasa mmoja.

Halafu kuna linki za ics, yaani za faili za kalenda. Mtu anakutumia linki ya kalenda ya timu, unaiongeza, unaona matukio, unafurahi, unafikiri mmeshaunganishwa. Hapana. Kalenda ya kujiunga kwa linki ni ya kusoma tu, huwezi kuandika kitu kikaenda kwa mwenzako, na huduma nyingine zinaipitia upya mara chache sana, inaweza kupita nusu siku au hata siku nzima kikao kimehamishwa na wewe bado unaona saa ya zamani. Kinachosafirisha mabadiliko kwenda na kurudi ni CalDAV, utaratibu uliochapishwa mwaka 2007 na ambao seva nyingi za kalenda (kompyuta za mtandaoni zinazotunza matukio yako) zinauelewa. iPhone inao ndani tayari, Thunderbird pia inao, ila Android peke yake haina, na hilo pengo ndo DAVx5 inaloziba.

Sasa app yenyewe. Usiifungue ukategemea kuona tarehe, maana sio kalenda. Ni daraja tu, inachukua kilichopo kwenye seva inakiweka kwenye hifadhi ya kalenda ya simu, kisha app yoyote ya kalenda unayoipenda inasoma hapo, mimi natumia Etar na nimeridhika. Ukiingia inakuomba anwani ya seva, jina na paswedi, inatafuta yenyewe kalenda zilizopo (yangu iko kwenye Nextcloud, seva inayotunza faili na kalenda, ilizipata zote bila kunisumbua), halafu inakuletea orodha yenye kiboksi pembeni ya kila kalenda. Weka tiki unazotaka, gusa kitufe cha mishale inayozunguka, subiri kidogo, fungua Etar, vitu vimejaa. Kama akaunti yako ina uthibitisho wa hatua mbili kuna huduma ambazo paswedi ya kawaida zitaikataa, unatengeneza paswedi maalumu ya app kwenye setingi za usalama za hiyo akaunti. Ukiona kosa 401 usianze kuhangaika na intaneti, hapo ni jina au paswedi.

Niliyoyapenda ni mengi ila kubwa ni kwamba haifichi kitu. Kama simu imezima usawazishaji wa data kiotomatiki inakuonyesha onyo, kama kiokoa betri kimeibana inakuambia, na mwanzoni kabisa inakuomba ruhusa ya kufanya kazi nyuma bila kubanwa. Ipe hiyo ruhusa, tafadhali. Simu nyingi siku hizi zinaua app zinazokaa nyuma ili betri idumu, na hapo ndo watu wengi wanalalamika "ilifanya kazi siku ya kwanza tu ikaacha". App haina kosa, imezimwa na simu.

Msichotegemea: sio ya papo hapo. Ikija kutoka kiwandani inasawazisha kila baada ya saa 4, na kwa mtu ambaye vikao vyake vinahama hama hiyo ni mbali sana. Ingia kwenye setingi za akaunti ushushe mpaka dakika 15. Na jingine linaloshtua watu, matukio ya zamani yanapotea kwenye simu, kumbe kuna kikomo cha siku 90 nyuma, yako salama kwenye seva, unaweza kukiondoa kikomo kama unahitaji historia. Kwenye Play Store inalipiwa, kwenye F-Droid (duka la app zenye msimbo wazi) ni bure, na msimbo wake uko wazi. Mimi ningelipa tu, kazi ya namna hii inastahili.

Kwenye Thunderbird ni rahisi zaidi, kalenda mpya, chagua ya mtandaoni, weka jina lako na anwani ileile ya seva, zitie tiki kalenda unazotaka, basi. Wa iPhone hamhitaji DAVx5, ongezeni akaunti ya CalDAV kwenye akaunti za kalenda, ila angalieni ile sehemu ya kuchukua data mpya: ikiwa kwenye kiotomatiki inachukua kwa nyuma simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi tu, kwa hiyo mtu anayeshinda nje na bando anaona kalenda imelala. Mpange muda wenyewe.

Kilichonichukua nguvu zaidi ni marudio. Kikao kimoja kinaonekana mara mbili mara tatu, ukifuta kimoja kingine kinabaki, unaogopa kufuta usije ukafuta cha kweli. Kila tukio la ics lina namba yake ya utambulisho inaitwa UID, na seva ikiona UID ileile inajua ni tukio lilelile. Shida ni kwamba app nyingine ukiingiza faili inalipatia tukio UID mpya, hapo kwa seva ni tukio jingine kabisa, hata kama jina na saa vinafanana. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote toa kila kalenda kama faili ya ics uiweke pembeni, kisha chagua moja iwe ndo makao, ingiza vitu humo mara moja tu, na zile nyingine zizime zisionyeshwe. Usizifute siku hiyohiyo. Acha upite muda uone kama kuna kilichokosekana.

Jaribio ninalofanya kila nikiweka kifaa kipya: naandika tukio kwenye laptopu, nagusa mishale kwenye DAVx5, naliona kwenye simu, nalisogeza saa moja mbele kwenye simu, narudi laptopu. Likirudi na saa mpya njia zote mbili ziko wazi. Na hapohapo naangalia saa za eneo, maana kifaa kimoja kikiwa kwenye UTC (saa ya kimataifa) na kingine kwenye saa za hapa ulipo, kikao cha saa nne asubuhi kinaweza kukutokea saa saba mchana na kila kitu kinasema kimesawazishwa vizuri.

Orodha za kazi nazo zinapita, lakini hapo unahitaji app nyingine kama Tasks.org au jtx Board, DAVx5 itakuuliza unatumia ipi. Mimi nimeweka Tasks.org, na ninachoweka tiki kwenye simu nakikuta kimewekwa tiki Thunderbird.