Pipa kwa kontena la pamoja, Uingereza hadi Malindi: tathmini kwa wanaorudi nyumbani

Wanaosoma uzamili Uingereza wengi hukabidhi tasnifu Agosti au Septemba, na chumba hutakiwa papo hapo. Vitu vya mwaka mzima haviingii kwenye sanduku la kilo 23. Ndipo watu wanapowakimbilia mawakala wanaojaza kontena la futi 40 kwa mapipa na maboksi ya watu mbalimbali, halafu wanalipeleka Zanzibar, kwenye bandari ya Malindi, Unguja. Kwa vitabu, vyombo, mashuka na nguo za akiba, huduma hii inalipa. Kwa kitu unachokihitaji ndani ya miezi miwili, usijaribu.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupigwa. Mzigo wa meli wa namna hii hutozwa kwa nafasi kuliko kwa uzito. Pipa la lita 210 lina upana wa karibu sentimita 58 na kimo cha karibu 90, lakini wakala halipimi kama duara. Analipima kama boksi la 60 kwa 60 kwa 90, yaani mita za ujazo 0.32. Maboksi matatu ya 60 kwa 45 kwa 45 yanachukua 0.36, tofauti ndogo tu, na ndani yake zinaingia lita 360 na ushei. Kwa hiyo boksi lina nafasi ya bei nafuu zaidi. Pipa linashinda kwa ugumu: halibonyei likibebeshwa mengine, halilowi mvua likiachwa nje, na pete yake ya chuma inatiwa lakiri, yaani kifungo kinachoonyesha kama pipa limefunguliwa. Ikiwa wakala ana bei moja kwa kila pipa, linganisha kwanza.

Pipa lisijazwe vitabu mpaka juu. Lita 210 za vitabu huvuka kilo 100, na mahamali wakiliachia kutoka garini, pete huruka na kifuniko hufunguka. Vitabu viishie robo ya chini, sufuria zifuate zikiwa zimejazwa nguo ndani yake, vya kuvunjika vizungushiwe taulo, juu kabisa mashuka. Sabuni na manukato viwe mbali na chakula; majani ya chai yakikaa na sabuni wiki nane, utakunywa sabuni.

Unyevu ndio unaoharibu zaidi kuliko wizi. Kontena linafungwa kwenye baridi, linaingia joto, unyevu wa ndani unakuwa mvuke, na bati la juu likipoa mvuke unageuka maji na kudondoka kama jasho. Nguo iliyofuliwa usiku wa kuamkia kufunga itafika na ukungu. Zikaushwe siku mbili kabla, na vitabu vizungushiwe nguo kavu, visigusane na ukuta wa boksi.

Muda: ukiambiwa wiki sita, hesabu nane hadi kumi. Kontena kwanza husubiri lijae. Tangu Disemba 2023 kampuni kubwa nyingi za meli zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na njia hiyo ni ndefu zaidi. Malindi nayo ni bandari finyu, na meli huweza kungoja nangani. Zawadi basi zitie kwenye sanduku la ndege, maana wanaokuja kukuona huja jioni ile ile, hawangoji meli.

Malalamiko makubwa kuhusu huduma hizi ni bei isiyosema inaishia wapi. Uliza wazi: melini, bandarini, au mlangoni Mwanakwerekwe? Ikiishia melini, bado kuna gharama za bandari, hati ya kutolea mzigo, wakala wa forodha, hamali na gari. Siku za bure bandarini zikipita, tozo ya kuhifadhi inaanza kuhesabu. Na kwa kuwa kontena ni la pamoja, mmoja akificha bidhaa za biashara, wote mnakwama. Wakala anayekagua orodha za watu kabla ya kufunga anakuletea usumbufu, lakini ndiye wa kumchagua.

Orodha yenyewe isiandikwe "vitu binafsi" tu. Andika mashati 12 yaliyotumika, sufuria 3, vitabu 40. Jina lifanane na la pasi. Majina matatu kwenye pasi na mawili kwenye hati ya shehena yanatosha kukurudisha dirishani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaukubali kuwa mzigo wa abiria ule unaoingia ndani ya siku 90 tangu mwenyewe awasili, kwa hiyo usiuache nyuma chumbani kwa rafiki muda mrefu. Simu tatu mpya ndani ya maboksi yake, hata ukisema ni za ndugu, zitahesabiwa bidhaa.

Pasi ya umeme na blenda za Uingereza hazina shida: volti 230 na plagi ya pini tatu kama yetu. Vyeti na transkripti havipandi meli kabisa. Utavihitaji kuomba TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambue shahada yako.

Wapemba wana hesabu ya ziada. "Zanzibar" kwenye karatasi ya wakala kwa kawaida ni Unguja. Mzigo wa Wete au Chake utatolewa Malindi kwanza, kisha upande meli ya Mkoani, kisha gari. Huko kote unashikwa kwa mikono, na maboksi madogo ya kilo 25 yanapita vizuri kuliko pipa.

Siku ya kupokea, tazama lakiri kabla ya kutia saini. Ikiwa imekatwa, fungua pale pale mbele ya wakala, linganisha na orodha, piga picha, na upungufu uandikwe kwenye karatasi yake, si yako.